Nirudishieni Lanchi Yangu

Jumatano moja mwezi wa tatu tuliitwa kwenye chumba cha mikutano tukafundishwe kula.

Si mzaha. Kazini kwetu, kituo cha kupokea simu za wateja kando ya Barabara ya Mombasa, wakubwa walikuwa wamemlipa mkufunzi aje atuelekeze kuhusu kitu kinachoitwa kula kwa makini. Tulikuwa watu 22. Kila mmoja akapewa zabibu kavu moja juu ya karatasi ya shashi. Moja tu. Tukaambiwa tuitazame kana kwamba hatujawahi kuona zabibu, tuinuse, tuiviringishe kati ya vidole, tuisogeze sikioni tusikie kama ina sauti, kisha tuiweke ulimini bila kuitafuna. Mkufunzi alikuwa dada mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mtoto alale. "Sikilizeni miili yenu," akasema. "Inawaambia nini?"

Wangu ulikuwa unaniambia ni saa saba na robo na sijatia kitu tumboni tangu ile chai ya saa kumi na moja alfajiri. Kwa sababu somo lenyewe, wasee, lilikuwa limewekwa saa ya lanchi. Mapumziko yetu ni dakika 30. Somo lilichukua 40. Zile 10 zilizozidi zilikatwa kwenye mapumziko ya chai ya jioni. Tukatoka pale, watu 22 na zabibu 22, tukavaa hedseti na kurudi kwa "Habari yako, nikusaidie vipi leo?"

Hii stori nimeisimulia kwa vibanda vingi, watu wakacheka, nami nikacheka. Sasa nimechoka kucheka. Nataka kubishana.

Sibishani na zabibu. Kula polepole, ukijua unachokula, ukisikia ladha yake, ukiacha ukishiba, ni jambo zuri. Tumbo huchukua muda kuuarifu ubongo kwamba limetosheka, dakika 20 hivi, na anayemaliza sahani kwa dakika 6 atakuwa ameshaongeza kabla habari haijafika. Hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni jinsi tunavyouziwa: eti ni tabia ambayo mtu mmoja mmoja ameshindwa nayo, na akipata nidhamu kidogo, na programu kwenye simu, na darasa la Jumamosi asubuhi, atapona.

Mimi nasema uhusiano wetu mbaya na chakula hatukujipa wenyewe. Tulifundishwa, na waliotufundisha bado wako kazini. Mtu hawezi kula kwa makini bila muda, bila uhakika kwamba chakula kitatosha, na bila watu kumwondolea macho kwenye mwili wake. Usipokuwa na hivyo, hata ukitafuna mara 40 unatafuna wasiwasi.

Zoezi la zabibu lina historia ya heshima. Wengi walilijua kupitia Jon Kabat-Zinn, ambaye mwaka 1979 alianzisha programu ya kupunguza msongo wa mawazo katika kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, akichota kutoka mafundisho ya Kibudha. Wengi waliopelekwa kwake walikuwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, watu ambao matibabu ya kawaida hayakuwa yamewasaidia vya kutosha. Zabibu ilikuwa mlango wa kuingilia kwa mtu aliyepewa nafasi ya kuketi na mwili wake. Haikuwa mbadala wa lanchi.

Na mwaka 1995 wataalamu wawili wa lishe wa huko huko Marekani, Evelyn Tribole na Elyse Resch, walitoa kitabu kuhusu kula kwa kuusikiliza mwili. Wana kanuni kumi. Ya kwanza ni kuzikataa fikra za kujinyima. Ya pili ni kuiheshimu njaa yako. Sasa jaribu kuiheshimu njaa yako saa tano na nusu asubuhi, simu 14 ziko kwenye foleni, na kwenye kioo mbele yako kuna saa inayohesabu kila sekunde uliyotoka kitini. Heshima gani hiyo? Njaa inaambiwa isubiri. Ikisubiri sana, siku ukiifungulia mlango haiingii kwa adabu.

Mimi kula haraka nilijifunza nikiwa na miaka 14, shule ya bweni. Wale mliopitia mnajua. Kengele inalia, mabinti mia kadhaa wanakimbilia ukumbi wa kulia, na sisi mono tuko mwisho wa foleni hata tukifika wa kwanza. Wa kidato cha nne wanachota toplea, ule mchuzi wenye mafuta na vitunguu unaoelea juu ya sufuria. Wewe ukifika unapata maharagwe yaliyozama na maji yake. Una dakika 15, na kati ya hizo 9 umeshazimaliza kwa foleni. Kiranja anapita akigonga meza. Humalizi, unamwaga. Kwa hivyo unamaliza. Unameza githeri nzima nzima kama dawa, halafu unakimbia kuosha sahani kwa mfereji ambao pia una foleni.

Hapo nilijifunza mambo ambayo hayakuwa kwenye silabasi. Kwamba chakula ni kitu cha kupigania. Kwamba mkate ukiupata leo uule wote leo, maana kesho sanduku litakuwa limevunjwa. Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Sisi tuliigeuza ikawa sera ya bweni. Siku ya wazazi mama alikuwa analeta kuku na chapati, na nilikuwa nakula mpaka naumwa, kisha naendelea, kwa sababu siku nyingine ya wazazi ilikuwa muhula ujao.

Nilimaliza shule. Tumbo langu halikumaliza. Mpaka leo nikikaa na watu mezani, wa kwanza kuweka kijiko chini ni mimi. Nikipewa mandazi mawili, moja linaingia kwenye mkoba. Nina miaka 27 na ninaficha mandazi.

Kwa miaka niliamini huo ni ulafi. Halafu nikasoma kuhusu jaribio lililofanywa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1944 na 1945, chini ya mtafiti Ancel Keys. Wanaume vijana 36, waliokataa kubeba silaha vitani kwa sababu ya dhamiri zao, walijitolea washindishwe njaa ili madaktari wajue namna ya kuwalisha watu wa Ulaya ambao vita vilikuwa vimewamaliza. Kwa miezi sita hivi walipewa takriban nusu ya chakula walichokuwa wakila. Walikuwa wazima, akili timamu, watu wenye msimamo. Wakaanza kuota chakula. Wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi. Wakalamba sahani. Na jaribio lilipoisha, baadhi yao walikula mpaka wakaumwa, na bado wakasema hawashibi.

Kuna jambo jingine kwenye jaribio hilo ambalo ningependa yule mkufunzi alijue. Baadhi ya wanaume hao, njaa ilipokolea, walianza kula polepole sana. Sahani ambayo zamani wangeimaliza kwa dakika chache, sasa waliketi nayo kwa muda wa karibu saa mbili, wakichanganya, wakigeuza, wakinusa, wakihesabu kila tonge. Ukiwatazama kwa mbali ungedhani ndio mabingwa wa kula kwa makini. Walikuwa wanakufa njaa. Kwa hivyo usiniambie polepole ndiyo dawa. Polepole ya aliyeshiba na polepole ya mwenye njaa hazifanani, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Halafu kuna midomo ya watu.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa mmoja wa wasimamizi wa bibi harusi kwenye harusi ya jamaa yetu. Nguo zilishonwa kwa vipimo vya mmoja wetu mwembamba, sisi wengine tukaambiwa "mtaingia tu, mwezi bado upo." Bana, wiki tatu nilikunywa maji ya ndimu na supu ya kabichi. Kila jamaa niliyekutana naye alinisifu. Hakuna mtu, hata mmoja, aliyeniuliza kama nakula. Niliingia kwenye ile nguo. Nilipigwa picha. Na saa nne usiku, wageni wakiwa kwenye densi, nilikuwa nyuma ya hema la wapishi nakula ukoko wa pilau kwa mkono, nimesimama gizani, mpaka mbavu zikauma. Mama mmoja wa mapishi aliniona. Hakusema neno. Akanisongezea kiti.

Kile kiti nakikumbuka kuliko harusi yenyewe. Alikuwa amegundua kwamba nina njaa, kisha akafanya jambo moja la maana: akanipa mahali pa kukaa.

Sisi tumelelewa kwenye nchi ambapo salamu ya pili baada ya "habari ya siku nyingi" ni ripoti ya uzito wako. "Umenona!" "Umekonda, kwani hulishwi huko Nairobi?" Shangazi huyo huyo, Krismasi hiyo hiyo, atakujazia sahani, akasirike ukibakisha, kisha akuambie uangalie hicho kitumbo hakitapata mume. Na kizazi chetu, badala ya kumnyamazisha, kimemfungulia akaunti. Fungua simu yako sasa hivi. Eti ugali ni sumu. Eti chapo ni dhambi. Leo ni siku ya "kujiibia", kana kwamba chakula cha mchana ni mali ya mtu mwingine. Mtu anauza majani ya chai ya kuharisha na kuyaita kusafisha mwili. Chakula chetu kimegeuzwa kesi na sisi ni washtakiwa, na baada ya kuuziwa hofu kwa wiki nzima, siku ya Jumamosi tunauziwa utulivu.

Najua kuna atakayesema turudi kwa nyanya zetu, wao walijua kula. Kuna ukweli hapo. Mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema wa kuigwa, na managu, saga, mrenda na kunde havijawahi kuhitaji kutetewa na mtu wa mtandaoni. Nikienda kwa kukhu, kule Kakamega, mboga za kienyeji zinalazwa na maziwa usiku kucha, na hakuna anayeharakisha mtu. Lakini msinidanganye kwamba meza ile ilikuwa ya haki. Kukhu alikula mwisho, jikoni, kwenye kigoda. Kuku alimfuga, akamchinjisha, akampika, na kwa miaka mingi ya ndoa yake hakumwonja, kwa sababu mila ilisema mwanamke hali kuku. Firigisi ilikuwa ya babu. Yeye pia alifundishwa kuisikiliza njaa ya watu wengine kwanza. Kwa hivyo mboga zake nazitaka, kigoda chake sikitaki.

Sasa mtaniambia: lakini wewe si una mikono? Weka simu chini ukila. Kweli. Nakubali, na naona haya kidogo, kwamba kuna siku nimemaliza chapo madondo nikitazama video na sikumbuki kama madondo yalikuwa na chumvi. Hiyo ni yangu. Simu nimeanza kuigeuza uso chini. Lakini tuulizane pia kwa nini tunakula tukiangalia simu. Mimi dakika zangu 30 ndizo dakika pekee za mchana ambazo ni zangu. Nikitoa 5 za kushuka ngazi, 8 za foleni kwa kibanda, 5 za kupanda, zimebaki 12. Katika 12 hizo nataka kula, kumjibu mama, kucheka na kitu, na kusahau mteja aliyenitukana. Siwezi kuvifanya vyote polepole.

Wengine mtasema: watu wanalala njaa nchini hii, wewe unatuletea habari za uhusiano na chakula? Hapo ndipo nataka tusikilizane vizuri. Ni habari moja. Anayelala njaa leo ndiye atakayeficha mandazi akipata kazi. Kifungu cha 43 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Haikuandikwa pale eti kila mtu ajifunze kuvumilia njaa kwa utulivu. Na Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Walioiandika hawakusema tufundishwe kupumzika kwa makini tukiwa kazini. Walijua mwili unahitaji muda, na muda unatoka kwa mwenye kuupanga. Mbona ikija kwa sahani, ghafla inakuwa suala la nidhamu yangu?

Ningeishia hapo, kwa hasira, kama si likizo ya Aprili.

Nilikuwa nimemtembelea shangazi, Umoja. Binti yake ana miaka 15, yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Shangazi alikuwa anageuza godoro la binti akakuta chapati nne zimefungwa kwa gazeti, mbili zimeota ukungu. Akazileta sebuleni amezishika kama ushahidi. "Kwani hapa hulishwi?" akafoka. "Na vile umenona!" Kwa pumzi moja, yote mawili. Msichana akaangalia sakafu. Niliijua ile sura. Nilihisi mtu ameinua godoro langu mwenyewe.

Nilimvuta shangazi jikoni. Nikamwambia, "Shangazi, nisamehe kuingilia, lakini na mimi nilificha. Bado naficha." Akaniangalia muda mrefu. Yeye pia alisoma bweni, miaka ya themanini. Nilimwomba mambo mawili tu: chapati zikae mezani kwenye hotpoti, siku nzima, mtu asizihesabu; na neno kunona lifungiwe mpaka shule zifunguliwe. Hakunijibu. Alivuta kitambaa akafuta meza ambayo ilikuwa safi. Lakini jioni hotpoti ilikuwa mezani.

Nilirudi Jumapili zilizofuata. Ya kwanza, msichana alikula chapati tano, haraka, jicho kwa mlango. Ya pili, vile vile. Ya tatu alikula akitusimulia kuhusu mwalimu wao wa Kemia, akasahau mkononi ana nini, na alipoinuka nikaona ameacha nusu chapati kwa sahani. Nusu! Shangazi akaiona. Nikamwona anavyomeza maneno. Hakuna aliyesema kitu.

Ndiyo makini pekee ninayoiamini. Haikuja na darasa. Ilikuja chakula kilipotosha, watu walipokuwa na nafasi ya kukaa, na mtu mzima alipofunga mdomo. Na tukiitaka kwa ukubwa zaidi ya sebule moja ya Umoja, basi tuidai pale ilipochukuliwa. Shule ziwape watoto dakika 40 za kula na wa mwisho kwenye foleni apate chakula sawa na wa kwanza. Waajiri warudishe saa nzima ya lanchi, isiyokatwa wala kuwekewa somo. Na sisi wenyewe, tukikutana na mtu baada ya miezi sita, tumuulize habari za nyumbani. Mwili wake anaujua.

Mimi na wenzangu tumeanza na letu. Tumeandika barua, ukurasa mmoja, sahihi 17, tukiomba lanchi ya dakika 60. Wengine waliogopa kutia sahihi na siwalaumu, kodi ya nyumba haingoji. Jibu bado halijaja. Ila tumetangaziwa somo jingine mwezi ujao, la kupumua. Liko saa saba kamili mchana.

Nitaenda. Nitabeba chapo madondo yangu, nitaketi mbele kabisa, na nitakula polepole.